Mama Kaunta anajibu: Pabu ya Mwingereza ni nyumba ya nani?

Toleo lililopita niligusia, kwa sentensi mbili tu, kwamba niliwahi kuosha glasi kwenye pabu huko Uingereza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimemiminika kuliko zile za kisukari na za mirathi zikijumlishwa. Nimechagua nane.

Kwa asiyenijua: nilikuwa muuguzi Bury St Edmunds, mji wa soko mkoani Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Kuanzia 1991 hadi 1994 nilifanya kibarua cha jioni, siku tatu kwa juma, kwenye pabu iliyokuwa nyumba ya nne kutoka nilikopanga. Jina la pabu nalihifadhi kwa sababu mwenyewe hakuwa mtu wa kupenda kuandikwa. Pombe sinywi, na wakati ule sikunywa.

*

*Shikamoo Mama. Mwanangu anasoma Uingereza. Kila picha anayonitumia amesimama mbele ya nyumba ileile yenye vyungu vya maua vinavyoning'inia na kibao cha kulungu mweupe. Nikimwambia aache kushinda baa ananijibu, "Baba, pabu si baa." Ananidanganya?* — Baba wa mwanafunzi, Morogoro

Marahaba, baba. Anakudanganya, ila si sana. Bia inauzwa humo, na ndiyo inayolipa kodi. Lakini pabu ni kifupi cha maneno yanayomaanisha nyumba ya umma, na hapo shika neno nyumba. Pale nilipofanya kazi mwenyewe alilala ghorofani, juu ya vichwa vya wateja. Asubuhi alishuka na ndara kuwasha moto. Mbwa wake alijinyoosha mbele ya moto huo siku nzima, na mteja aliyemruka bila kumsalimia alihesabiwa hana malezi. Ilikuwa sebule ya mtu, ila mlango uko wazi na kila anayeingia ananunua chake.

Na ilianza hivyohivyo. Zama za kati, pombe ya Waingereza ilipikwa jikoni na wanawake: maji, kimea cha shayiri, hamira, basi. Kinywaji hicho kilichacha baada ya siku chache. Mama aliyepika kuzidi mahitaji ya watu wake hakuwa na budi kuuza upesi, kwa hiyo alisimamisha mti mrefu nje ya mlango, umefungwa kichaka cha majani nchani. Majirani wakiuona wanajua leo kwa fulani ipo. Wanakuja, wanakaa jikoni kwake, wanaongea ya shamba na ya watu. Ikiisha, mti unaingizwa ndani na jiko linarudi kuwa jiko.

Serikali haikukaa mbali. Tangu karne ya 13 kulikuwa na sheria ya bei na ubora wa mkate na pombe, na miji iliteua waonjaji wa kuzunguka nyumba kwa nyumba. Baba yake Shakespeare, John, alishika kazi hiyo Stratford-upon-Avon mwaka 1556. Wapikaji walitozwa faini mara kwa mara, faini zilezile, watu walewale, hata ikawa kama ada ya kufanya biashara.

Aliyewatoa akina mama hao sokoni hakuwa hakimu wala padri. Lilikuwa ua. Hopsi, mmea wenye maua machungu, ulienea Uingereza katika karne ya 15 kutoka Flanders na Uholanzi. Bia iliyotiwa hopsi haichachi haraka. Kisichochacha haraka unaweza kukipika kwa wingi na kukisafirisha, na ukitaka kupika kwa wingi unahitaji masufuria makubwa ya shaba, mapipa, mikokoteni na mkopo. Mkopo mwanamke wa zama zile angeupata wapi? Kidogokidogo kazi ikahamia kwa wanaume wenye mtaji. Kilichobaki ni jina tu: kikao cha mahakimu cha kutoa leseni za pombe kiliendelea kuitwa, karne na karne, kwa neno la Kiingereza cha kale linalomaanisha mpika pombe wa kike. Wanaume watupu mezani, na jina la mama mlangoni.

Leseni zenyewe zilianza kwa sheria ya 1552: huuzi mpaka mahakimu wawili wakuruhusu. Mwaka 1577 serikali ikahesabu, na katika mikoa iliyohesabiwa zikapatikana nyumba za pombe zaidi ya 14,000, nyumba za wageni zaidi ya 1,600, na taverna za mvinyo mia tatu na kitu. Zilikuwa aina tatu mbalimbali. Maskini alikwenda kwenye nyumba ya pombe, mwenye kipato taverna, msafiri na farasi wake nyumba ya wageni. Pabu ya leo ni mjukuu wa zote tatu, na ukiwa na jicho utajua amefanana na babu yupi. Mwambie mwanao aangalie kama pembeni mwa jengo hilo kuna lango pana, refu, linaloingia uani. Likiwepo, hapo palikuwa nyumba ya wageni, na lango ni la magari ya farasi. Magari ya barua yalianza mwaka 1784 kati ya Bristol na London, na kwa miaka hamsini hivi nyumba za aina hiyo zilitajirika kweli. Treni ilipokuja miaka ya 1830 na 1840, mazizi yakabaki matupu. Mengi sasa ni maegesho ya magari, au ndiko wanakoweka meza za nje.

Halafu kuna 1830, mwaka ambao nyumba zilirudi kuwa nyumba. Bunge, kwa kuogopa pombe kali iitwayo jini na kwa kuchoshwa na mahakimu waliogawa leseni kwa marafiki, lilipitisha sheria kwamba mlipa kodi yeyote akitoa gini 2 (fedha ya zamani ya Waingereza) kwa mwaka auze bia kwake. Wafinyanzi, mafundi viatu, wajane, wote wakageuza chumba cha mbele. Baada ya miezi michache maelfu kwa maelfu yalikuwa yamefunguliwa. Mahakimu walirudishiwa rungu lao mwaka 1869, lakini pabu nyingi ndogo unazoziona katikati ya safu ya nyumba za kawaida, zenye dirisha lilelile na mlango uleule kama wa jirani, zilizaliwa humo. Yangu ilikuwa mojawapo.

*

*Mama, hayo majina! Simba Mwekundu, Kichwa cha Mfalme, Kulungu Mweupe. Nani alikaa akayabuni?* — Fundi cherehani, Mwanza

Hakuna aliyekaa. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo nyumba ilihitaji picha. Mwaka 1393 Mfalme Richard II aliagiza wauza pombe wa London waweke vibao. Alama yake mwenyewe ilikuwa kulungu mweupe, ndiyo maana kulungu huyo amezagaa. Simba mwekundu wengine watakuambia ni nembo ya mwanamfalme John of Gaunt, wengine watakuambia ni ya mfalme James aliyetoka Uskoti. Mimi naamini wengi walitaka simba tu. Mwaloni wa Kifalme una kisa cha uhakika zaidi: mwaka 1651 Charles wa pili, akiwa kijana aliyeshindwa vita Worcester, alijificha juu ya mti wa mwaloni huko Boscobel huku askari wakimtafuta chini. Alipopata kiti chake, kila mji ukataka mwaloni.

Yapo pia majina yaliyoudhi. Pabu kadhaa ziliitwa Mvulana Mweusi, na kibao kikawa na picha ya kichwa kilichochorwa bila heshima. Mwaka 2021 kampuni ya Greene King, ambayo imepika bia hapohapo Bury St Edmunds tangu 1799, ilibadili majina ya pabu zake nne za namna hiyo. Wapo waliolalamika kwamba historia inafutwa. Wengi wao hawakuwahi kupita chini ya kibao kile wakiwa na uso kama wangu.

Jina ninalolipenda ni la pabu ya mjini kwetu iitwayo The Nutshell, yaani ganda la kokwa. Ndani ina urefu wa futi 15 na upana wa futi 7. Darini ananing'inia paka mkavu aliyekutwa ukutani, maana zamani watu walijenga na paka ndani ya ukuta kufukuza uchawi. Niliingia mara moja tu. Nilitoka mgongo mbele kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kugeuka.

*

*Rafiki yangu anabisha kwamba chama cha mpira cha Uingereza kilizaliwa baa. Tumewekeana dau la soda.* — Shabiki, Nakuru

Nunua soda. Ilikuwa 26 Oktoba 1863, London, kwenye Freemasons' Tavern. Walikutana tena na tena hadi Desemba, na ugomvi mkubwa ulikuwa kama mchezaji aruhusiwe kumpiga mwenzake mateke ya muundi. Waliotaka mateke wakaondoka zao.

Usishangae mahali. Miji mingi haikuwa na ukumbi mwingine wenye moto, viti na taa. Karne ya 19 hata uchunguzi wa vifo ulifanyiwa pabu, maiti chumba cha nyuma, wazee wa baraza mbele. Na mwaka 1953 wanasayansi wa Cambridge walipogundua umbo la DNA, Francis Crick aliingia pabu ya The Eagle saa ya chakula cha mchana akawatangazia waliokuwepo kwamba wamepata siri ya uhai.

*

*Mama, ni kweli wanapigiwa kengele waende nyumbani kama watoto wa shule?* — Msomaji, Iringa

Kweli kabisa, na niliwahi kuipiga mimi. Saa tano kasoro dakika kumi usiku kengele ya kwanza: oda za mwisho. Mtu aliyekuwa akinyonya painti moja, yaani glasi kubwa ya bia, tangu magharibi anakumbuka ghafla kuwa ana kiu. Wanakuja wote kwa pamoja, mikono juu, noti zinapepea. Saa tano kamili kengele ya pili, na mwenye pabu anapaza sauti ileile ya kila usiku: muda, mabwana, tafadhali. Hapo sheria ya wakati ule iliwapa dakika 20 za kumalizia glasi. Ukichukua glasi ya mtu dakika ya kumi na tisa ikiwa na kidole kimoja cha bia chini, utadhani umemnyang'anya mtoto.

Asili yake ni vita. Kabla ya 1914 pabu za London ziliweza kufunguliwa saa kumi na moja alfajiri na kufungwa saa sita na nusu usiku. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza viwanda vya silaha vikawa na watu wasiofika kazini, na mwaka 1915 David Lloyd George, waziri wa fedha, alisema wazi kwamba Uingereza inapigana na Wajerumani, Waaustria na pombe, na kwamba pombe ndiyo adui mkubwa zaidi. Ikaundwa bodi, saa zikakatwa zikabaki tano na nusu tu kwa siku, mchana kidogo na jioni kidogo. Bia ikapunguzwa nguvu. Mjini Carlisle, karibu na kiwanda kikubwa cha baruti, serikali ilifika mbali zaidi: mwaka 1916 ilianza kununua viwanda vya bia na pabu zenyewe ikaviendesha. Hebu fikiria mhudumu wa baa ambaye mwajiri wake ni serikali kuu. Na usidhani ilikuwa ya muda: walikuja kuviuza 1973.

Vita viliisha 1918. Mapumziko ya mchana yakabaki. Yalibaki hadi 1988, miaka sabini baada ya amani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuonekana bungeni akipigania walevi. Na Jumapili yalikuwa bado yapo nilipoanza kazi: kufungua saa sita, kufunga saa tisa, kufungua tena saa moja jioni hadi saa nne na nusu. Jumapili ya kwanza nilifika saa kumi jioni nikakuta komeo, nikadhani kuna msiba. Mwenyewe alichungulia dirishani juu akiwa na leso shingoni, anakula nyama ya kuoka na familia yake. Mapumziko hayo ya Jumapili yalifutwa 1995, mimi nimeshaondoka. Tangu Novemba 2005 kila pabu inaweza kuomba saa zake. Nyingi bado zinapiga kengele saa tano. Wamezoea.

*

*Mama, usituzungushe. Wewe ni mweusi na ni mwanamke. Walikupokeaje?* — Dada mwenzio, Mombasa

Dada, nilijua barua hii itakuja.

Nianze na wanawake kwa kifupi. Mpaka 1982 pabu iliweza kukataa kumhudumia mwanamke aliyesimama kaunta. Mwaka huo wanawake wawili, Tess Gill na Anna Coote, waliishinda mahakamani El Vino, baa ya mvinyo ya Fleet Street, London, iliyokuwa ikiwataka wanawake wakae chumba cha nyuma wasubiri kuletewa. Kwa hiyo nilipoingia nyuma ya kaunta 1991, haki ya mwanamke kusimama upande ule mwingine ilikuwa na umri wa miaka tisa.

Rangi ni habari ndefu zaidi, na haina mstari ulionyooka. Juni 1943, katika kijiji cha Bamber Bridge mkoani Lancashire, walikaa askari weusi wa jeshi la Marekani, madereva wa malori. Walikuwa wakinywa na wanakijiji kwenye Ye Olde Hob Inn. Inasimuliwa kwamba wakubwa wa Kimarekani walipotaka pabu zibague, wenye pabu walitundika vibao: askari weusi tu. Usiku wa tarehe 24 polisi wa kijeshi, weupe, walikuja kuwakamata baadhi yao pabu, wateja wa Kiingereza wakawatetea. Ugomvi ukahamia barabarani, risasi zikapigwa hadi alfajiri, askari William Crossland akafa. Weusi ndio walioshtakiwa kwa uasi.

Ukisikia hayo utasema basi pabu ni ndugu. Lakini vita vilipokwisha na watu wa Karibi, India na Afrika wakaja kufanya kazi, pabu nyingi ziliwafungia mlango, au ziliwapa chumba kimoja na kuwanyima kingine. Bristol, mwaka 1964, Paul Stephenson aliomba nusu painti kwenye pabu ya Bay Horse. Mwaka mmoja kabla ndiye aliyeongoza ususiaji wa mabasi uliolazimisha kampuni kuajiri madereva na makondakta weusi. Alihudumiwa, kisha meneja akamwambia atoke. Akabaki amekaa. Polisi wakamchukua, mahakama ikamwachia. Februari 1965 Malcolm X, mtetezi wa haki za weusi wa Marekani, alikwenda Smethwick, karibu na Birmingham, akaingia pabu ya Blue Gates iliyokuwa na chumba kisichowahudumia wasio weupe. Chumbani humo hakuhudumiwa. Siku tisa baadaye aliuawa New York. Mwaka huohuo bunge lilipiga marufuku ubaguzi wa rangi katika maeneo ya umma, pabu zikiwemo.

Kinachonifurahisha ni kilichofuata maeneo yale. Wahindi wa Kipunjabi waliokuwa wakikataliwa walizinunua pabu. Leo Smethwick na West Bromwich zimejaa pabu za Wapunjabi zenye dati (mchezo wa kurusha vishale ubaoni), mpira kwenye runinga, na sinia la nyama choma linalotoka jikoni likilia kwa moto. Wazungu wanapanga foleni.

Mimi? Miezi miwili ya kwanza niliitwa majina matatu tofauti, moja wapo tu likiwa langu. Hakuna aliyenitukana usoni. Ila usiku mmoja wa Ijumaa kulikuwa na msongamano, nikaombwa kusaidia kaunta, na bwana mmoja mgeni akaniambia atasubiri "mwingine". Mwenye pabu alikuwa anavuta bia kwa pampu palepale, mkono mmoja kwenye mpini. Hakuacha kuvuta. Akamwambia, "Glasi uliyoshika kaiosha yeye. Unaiacha?" Yule bwana akaitazama glasi yake muda mrefu. Akaondoka, na hakuimaliza. Wengine wakarudi kwenye dati kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo nalo sijaamua mpaka leo kama lilinifurahisha.

*

*Pabu kongwe kuliko zote ni ipi?* — Mwanafunzi wa historia, Zanzibar

Ukitaka kuwagombanisha Waingereza, uliza hilo. Nottingham kuna Ye Olde Trip to Jerusalem, imebandikwa ubavuni mwa mwamba wa ngome na ukutani pameandikwa 1189. Mapango yaliyo nyuma ni ya kale kweli. Jengo ni la karne ya 17 hivi. St Albans kuna Ye Olde Fighting Cocks, yenye pembe nane, ambayo nayo inadai ukongwe wa kutisha. Rangi ya mwandishi wa kibao ni rahisi kuliko ushahidi.

Na hilo neno la mwanzo, *Ye*, halikuwahi kutamkwa hivyo. Zamani Kiingereza kilikuwa na herufi ya sauti ya "th", kama dh yetu kwenye dhahabu inavyokaribiana nayo. Wachapaji hawakuwa nayo, wakaweka Y inayofanana. Kwa hiyo kila kibao chenye *Ye Olde* ni kosa la chapa lililogeuzwa pambo.

Ukifika London nenda The George, Southwark. Haidai miujiza. Iliungua 1676, ikajengwa upya 1677, na bado ina roshani za mbao za nyumba ya wageni ya magari ya farasi. Hakuna nyingine ya namna hiyo iliyobaki mjini humo.

*

*Nasikia pabu zinakufa. Kwa nini, kama wanazipenda hivyo?* — Mfanyabiashara, Arusha

Mwanzoni mwa karne hii Uingereza nzima ilikuwa na pabu kama 60,000. Sasa hazifiki 50,000. Sababu utazielewa haraka, wewe ni mfanyabiashara. Bia ya dukani ni rahisi mno. Tarehe 1 Julai 2007 sigara zilikatazwa ndani. Na kuna suala la umiliki: zamani viwanda vya bia vilimiliki pabu na mpangaji alilazimika kununua bia kwa mwenye nyumba tu. Mwaka 1989 serikali iliamuru viwanda vikubwa vipunguze mshiko, vikaziuza pabu nyingi, na walionunua ni makampuni mapya yasiyopika hata lita moja. Yanaishi kwa kodi ya pango. Mpangaji akabanwa vilevile, na bwana mwingine.

Lakini adui mkubwa ni kiwanja. Nyumba ya kupanga ghorofa tatu inalipa kuliko mapipa matatu kwa juma. Pabu za nguvu, kama The Carlton Tavern ya Maida Vale, London, zimeponea chupuchupu, tena baada ya kufa. Ilivunjwa kwa tingatinga Aprili 2015, bila kibali, siku chache kabla ya kuwekwa kwenye orodha ya majengo ya kuhifadhiwa. Bahati nzuri maofisa wa urithi walikuwa wamekwisha kuipiga picha na kuchukua nakala za vigae vyake. Halmashauri ikaamuru ijengwe upya, tofali kwa tofali. Ilifunguliwa Aprili 2021.

Nyingine bado inasubiri. The Crooked House, huko Himley, Staffordshire, ilijengwa 1765 na ikainama upande mmoja kwa sababu ya machimbo ya makaa chini yake. Watu walikuwa wakiweka gololi mezani waione ikipanda mlima. Iliteketea usiku wa 5 Agosti 2023, na siku mbili baadaye ikasawazishwa na ardhi. Februari 2024 halmashauri iliamuru wamiliki waijenge kama ilivyokuwa. Kujenga nyumba iliyonyooka ni ufundi. Kujenga iliyoinama kwa makusudi, sijui wanamtafuta nani.

Vijiji vingine vimechanga. The Old Crown ya Hesket Newmarket, Cumbria, ilinunuliwa na ushirika wa wateja wake 2003.

Ile yangu ilifungwa. Rafiki aliyepita mtaa ule ananiambia sasa anaishi humo familia yenye watoto wawili. Ile ndoano ya chuma ya kibao bado imetokeza juu ya mlango, na wameitundikia chungu cha maua.

*

*Mama, nasafiri mwezi ujao. Sinywi pombe. Nikialikwa pabu nifanye nini?* — Mtumishi wa kanisa, Mbeya

Nenda. Usikae mezani ukingoje kuhudumiwa, utazeeka. Hakuna mtu atakayekuja. Simama kaunta. Hutaona foleni, lakini ipo: kila aliyesimama anajua nani alimtangulia, na mhudumu mzuri anajua pia. Usipige makofi wala kupunga noti. Mtazame mhudumu machoni, kisha usubiri.

Unalipa palepale, kabla ya kuketi. Na mkiwa watu wanne, mmoja anawanunulia wote, kisha zamu ya wa pili. Zamu hizo ni kitu kizito. Mwaka 1915 serikali ya vita ilifanya kumnunulia mwenzako kinywaji kuwa kosa la jinai, na ikashindwa. Wewe unayekunywa soda usijifiche kwenye zamu kwa kuwa soda ni rahisi. Nunua zamu yako mapema, ya kwanza au ya pili. Agiza soda ya limau, au juisi ya chungwa iliyochanganywa na soda hiyo. Hakuna atakayekuuliza sababu.

Usipake mafuta mengi mdomoni. Nasema hili kwa uchungu wa miaka mitatu: mafuta kwenye ukingo wa glasi yanaua povu la bia ya anayefuata, na hayatoki kwa maji ya moto peke yake. Nilikuwa nasugua kwa kidole na chumvi.

Ukiondoka, rudisha glasi yako kaunta. Si lazima. Ila muosha glasi atakuwa amekuona.